Huyu Askari Mbona Hapigi?



Nilipotea wiki nzima. Nilikuwa Vihingo kwa mjomba, kule unakoshuka Mlandizi, ukaiacha barabara ya Morogoro, ukaingia kushoto na kwenda mpaka uanze kujiuliza kama dereva wa bodaboda anaijua njia au anaibuni. Nilibeba vitu vitatu tu: sukari ya mjomba, laptopu yangu, na flashi iliyojaa Columbo.

Wanaonijua wanaujua huu ugonjwa wangu. Columbo ni tamthilia ya Kimarekani ya upelelezi. Sehemu zake ni 69, ya kwanza ya mwaka 1968 na ya mwisho ya 2003, na zote nimeziangalia zaidi ya mara moja. Nilianza na zile diski za Kariakoo, diski moja filamu kumi, picha inagandaganda ukifika kwenye utamu. Mhusika mkuu ni Luteni Columbo wa polisi wa Los Angeles, aliyechezwa na Peter Falk, marehemu tangu 2011. Koti la mvua limechakaa, gari ni Peugeot 403 inayokohoa, jicho moja la mchezaji mwenyewe ni la bandia. Ukimwona mlangoni unaweza kudhani amekuja kuomba maji ya kunywa.

Rafiki zangu wananicheka. Wanasema unarudiaje mara ya tisa kitu cha upelelezi wakati muuaji unamjua? Nawajibu kwamba muuaji nilimjua tangu mara ya kwanza, na hilo ndilo linalonirudisha. Kwenye Columbo unaonyeshwa mwanzoni kabisa nani kaua, kaua vipi, kaficha nini. Hakuna fumbo la nani. Saa nzima iliyobaki ni ya jambo moja tu: utathibitishaje?

Shikeni hilo neno, nitalirudia.

Basi usiku wa pili pale Vihingo, tumekula ugali na kisamvu, nikaifungua laptopu uani. Mjomba Kiingereza hakipandi, kwa hiyo ikabidi niwe Lufufu, yule mfasiri wa sinema aliyewachekesha watu kwenye vibanda vya video. Nilichagua A Friend in Deed ya mwaka 1974, ambayo kwangu ndiyo namba moja. Dakika chache tu zikapita, mjomba akauliza, "Sasa mjomba, mbona aliyeua tumeshamwona? Si imekwisha hiyo?"

Nikamwambia subiri.

Mwenye nyumba mmoja tajiri amemuua mkewe. Anakimbilia kwa jirani na rafiki yake, Mark Halperin. Huyu Halperin si mtu mdogo: ni naibu kamishna wa polisi, bosi wa mabosi wa Columbo. Mtaa wao siku hizo unasumbuliwa na mwizi wa vito. Basi Halperin anaingia kwenye nyumba ya marehemu, anapanga kila kitu kionekane ni kazi ya yule mwizi, kisha anarudi kwake na kupiga simu kwamba amemwona mtu akikimbia. Baadaye na yeye anamuua mkewe, mwenye mali. Anamzamisha kwenye maji ya kuogea, na rafiki yake analipa fadhila kwa kusaidia ionekane kuwa mwizi yuleyule amemtupa bwawani. Mzigo wote anatwishwa mwizi. Kesi imekwisha, kamateni mwizi.

Columbo anazunguka na koti lake. Anauliza kuhusu vazi la kulalia lililokuwa chini ya mto, wakati marehemu alikutwa amevaa jingine. Anauliza kuhusu maji yaliyokutwa kwenye mapafu ya mke wa bosi, maji yenye sabuni. Bwawa la kuogelea lina sabuni gani? Anaaga, anafika mlangoni, anageuka. Samahani afande, kuna kitu kimoja tu kinanisumbua. Anaondoka. Anarudi tena.

Hapo ndipo mjomba alipouliza swali lililonifanya niandike haya yote. Alikuwa amekaa kimya kitambo, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

"Huyu askari mbona hapigi?"

Hakuwa anatania. Alitaka kujua kweli. Mtu anaitwa mpelelezi, anamjua mhalifu, anakwenda kwake mara nne, mara tano, na kila akienda ni maswali tu. Kwa alivyoijua mjomba dunia, hapo palikuwa na kitu kimepungua.

Wadau, nimesoma makala nyingi kuhusu Columbo. Wanasifu uandishi, wanasifu uigizaji, wanasifu yule kijana Steven Spielberg aliyeongoza Murder by the Book mwaka 1971. Sijawahi kukutana na mhakiki aliyeuliza swali la mjomba, na nadhani ni kwa sababu hawajawahi kukaa alipokaa yeye.

Mwaka 2014 mjomba alikamatwa kwa wizi wa pikipiki. Kituo sikitaji. Pikipiki iliibwa usiku, asubuhi yeye alionekana akipita njia ileile kwenda shambani, na mtu mmoja mwenye ugomvi naye wa mpaka wa shamba akamtaja. Basi, upelelezi ukawa umeishia hapo. Alikaa mahabusu wiki tatu mpaka wadhamini wakapatikana, halafu akaanza safari za mahakamani. Alikwenda mara 11, nauli kutoka mfukoni mwake, siku nzima ya shamba imekufa. Mara zote 11 alisikia sentensi ileile, na ninyi nyote mnaijua: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Mara ya 12 akaambiwa upande wa mashitaka hauna nia ya kuendelea na kesi. Nenda nyumbani.

Usiku ule, baada ya filamu kwisha, aliniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kule kituoni alipigwa, sawa, hilo tulilijua. Lakini katika miezi yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza usiku ule alikuwa wapi. Na alikuwa msibani, kijiji cha pili, na watu zaidi ya hamsini wamemwona. Swali moja tu lingeimaliza kesi siku ya kwanza.

Sasa naomba tuelewane. Sisemi askari wote ni wabaya. Wapo wanaofanya kazi kwa moyo, kwa mshahara mdogo, kwenye vyumba visivyo na hata karatasi. Ninachosema ni kwamba kama taifa tumekubali mfumo uliopinduka: tunamkamata mtu kwanza, halafu ndipo tunaanza kutafuta kwa nini tumemkamata. Columbo anamjua muuaji na bado anajikaza kutafuta ushahidi. Sisi ushahidi hatuna, muuaji hatumjui, lakini mshitakiwa tayari tunaye. Ndiyo maana lugha yetu ina neno kubambikiwa kesi, na kila mtu analielewa bila kamusi.

Tena msidhani hadithi ya Halperin ni ya Los Angeles peke yake. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva teksi wa Dar es Salaam waliuawa. Polisi wakatangaza kwamba walikuwa majambazi na wameuawa kwa kurushiana risasi. Ndugu zao wakakataa. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na tume ikasema wale hawakuwa majambazi. Askari wakashitakiwa, pamoja na aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa makosa ya jinai mkoa wa Dar es Salaam, Abdallah Zombe. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, na kukubaliana na kuachiwa kwa Zombe na wengine. Nauheshimu uamuzi wa mahakama. Lakini tazameni kilichotokea pale mwanzo kabisa: watu wanne wamekufa, neno jambazi limetangazwa, na kama ndugu zao wangekuwa watu wa kukubali yaishe, yangekwisha. Waliosimama mlangoni na kusema samahani afande, kuna kitu kimoja kinatusumbua, hawakuwa wapelelezi. Walikuwa wafiwa.

Kuna wanaosema, "Hayo ni ya zamani, sheria imebadilika." Ni kweli. Mwaka 2022 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilirekebishwa ili mtu asipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Nilifurahi sana, mpaka nikasoma mbele zaidi nikaukuta mlango wa nyuma: makosa makubwa hayamo. Yaani kosa dogo, kamilisha kwanza. Kosa la kukufungia miaka bila dhamana, hapo tunaweza kuanza na wewe huku tunatafuta. Akili gani hiyo? Mzigo ukiwa mzito zaidi si ndipo unapokagua kamba vizuri zaidi?

Muulizeni Erick Kabendera, mwandishi mwenzetu. Alikamatwa Julai 2019, akashitakiwa kwa makosa ya uhujumu uchumi likiwemo utakatishaji fedha, ambalo halina dhamana. Kesi ikaahirishwa na kuahirishwa, upelelezi haujakamilika. Mama yake alifariki Desemba mwaka ule, na hakuruhusiwa kwenda kumzika. Aliachiwa Februari 2020 baada ya makubaliano na upande wa mashitaka na kulipa fedha. Miezi saba. Columbo katika miezi saba angekuwa amefunga mafaili mangapi?

Halafu wapo wenye hoja ya pili. "Acha ndoto, hiyo ni sinema." Nakubali ni sinema! Tena nitawasaidia hoja: polisi wa Los Angeles, haohao ambao Columbo anavaa beji yao, ndio waliompiga Rodney King mwaka 1991 na dunia nzima ikaona mkanda wa video. Columbo hakuwahi kuwepo hata kwao. Lakini msinidanganye kwamba hadithi ya kubuni haina kazi. Mtu aliyeangalia sehemu hata kumi tu za Columbo anazoea kuuliza: ushahidi uko wapi? Umejuaje? Nani kaona? Na sisi tumezoeshwa nini na tamthilia zetu? Askari anaingia dakika ya mwisho, anamfunga pingu mtu ambaye sote tumeshamchukia, na wimbo unaanza. Mara ngapi mmeona kwenye tamthilia ya Kibongo mpelelezi akikaa chini na kufikiri?

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi. Eti utaratibu huo wa kuulizauliza ni mambo ya Wazungu, Mswahili haelewi mpaka aguswe. Jamani! Bwana Msa ni Mzungu? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Bwana Msa wake, na kiko chake mdomoni, alikaa akafikiri, akauliza, akatenganisha uvumi na ukweli. Hakumning'iniza mtu kwenye bomba. Baadaye wakaja akina Joram Kiango wa Ben Mtobwa, watu wazima wakawasoma kwa kuibiana vitabu. Kwa hiyo tamaduni ya upelelezi wa akili tulikuwa nayo kwa Kiswahili safi miaka minane kabla Peter Falk hajaanza kumcheza Columbo kwenye televisheni. Tulichokosa ni kuidai kwa walio hai.

Na hoja ya nne, vitendea kazi. Maabara hazitoshi, magari hayana mafuta. Sawa, hilo nalipokea kwa moyo mkunjufu, wapewe. Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoundwa mwaka 2023, ilipendekeza mpaka chombo cha upelelezi kinachojitegemea. Naunga mkono mikono miwili. Lakini nirudisheni Vihingo. Kumuuliza mjomba usiku ule ulikuwa wapi kulihitaji maabara gani? Mafuta lita ngapi? Vazi chini ya mto halikugunduliwa kwa mashine. Liligunduliwa kwa mtu kuangalia chini ya mto.

Sasa nimefika kwenye sehemu ngumu, nayo inanihusu.

Mimi ni mwandishi wa habari. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwenye mkutano wa polisi na waandishi. Tukaambiwa majambazi sugu watatu wameuawa katika majibizano ya risasi, bunduki moja imekamatwa, mmoja wao alifariki akipelekwa hospitali. Nikaandika hivyohivyo. Majambazi. Sugu. Nilipata ukurasa wa mbele na nikamtumia mama picha ya jina langu. Sikuuliza majina yao. Sikuuliza wameshawahi kushitakiwa wapi mpaka wakawa sugu. Sikuuliza kama kuna askari aliyeguswa hata na risasi moja katika hayo majibizano. Mpaka leo sijui watu wale walikuwa nani. Inawezekana kabisa walikuwa majambazi. Shida ni kwamba niliandika kana kwamba najua.

Halafu jioni nikarudi nyumbani, nikaweka diski ya Columbo, nikaangalia mtu akishikilia jambo dogo siku nne nzima, nikapiga makofi. Unafiki mwingine mtu haujui mpaka auandike.

Ndiyo maana nasema lawama tusimalize zote kituoni. Kila tunapoandika jambazi kabla ya hakimu, kila tunapoandika "upelelezi unaendelea" na kufunga daftari, sisi ndio tunaompelekea Halperin karatasi aandike anachotaka. Na ninyi wasomaji mnaoshangilia kwamba safi sana, wamemmaliza, mnapiga muhuri.

Nimalizie na habari ya mkoa huuhuu wa Pwani. Kibaha na Kisarawe, anakoishi mjomba, ni Pwani. Kibiti nako ni Pwani. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi pale Kibiti, aliyeandika habari za mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Tarehe 21 Novemba 2017 alifika shambani kwa mkewe akiwa kwenye gari jeupe aina ya Land Cruiser pamoja na watu wengine. Alimuuliza ufunguo wa nyumba uko wapi. Akamwambia anapata safari ya dharura, atarudi kesho yake, asiporudi basi keshokutwa. Mke aliporudi nyumbani akakuta nyumba imepekuliwa. Azory hajaonekana tena.

Mwaka 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyoeleweka kwamba Azory alitoweka na kufariki, halafu baadaye akasema hakueleweka vizuri.

Someni tena aya hizo mbili kama shabiki wa Columbo. Kuna gari, kuna rangi na aina yake. Kuna saa na mahali. Kuna shahidi aliyezungumza naye uso kwa uso. Kuna ufunguo. Kuna nyumba iliyopekuliwa. Kuna kauli ya waziri, kisha kauli ya kuifuta kauli. Kwa Columbo huo ndio mwanzo wa filamu, vitu vyote vimewekwa mezani na kinachosubiriwa ni mtu mmoja mwenye koti bovu agonge mlango. Miaka imepita, mlango haujagongwa kwa namna ambayo sisi wananchi tumeonyeshwa majibu.

Mjomba aliniomba niirudishe ile filamu asubuhi, betri ilipokuwa inakata roho. Alitaka ule mwisho. Halperin amepata faili la yule mwizi, amechukua vito vya mke wa rafiki yake akavificha chumbani kwa mwizi, na sasa anaongoza upekuzi kwa mbwembwe zote. Vito vinapatikana, bosi anatabasamu. Columbo anamwambia kwa upole kwamba hiki chumba si cha mwizi, afande. Ni changu, nimekipanga mimi. Anwani iliyo kwenye faili niliiandika mimi, na aliyelisoma faili hilo ni wewe.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Kumbe unaweza kumkamata hata mkubwa, na hukumpiga hata kofi."

Unaweza, mjomba. Ila lazima kwanza mtu aulize.

Kwa hiyo wadau, hasa ninyi wenzangu wenye kalamu na vitambulisho shingoni, mkutano ujao msikubali kunyanyuka haraka. Mkishaambiwa asanteni kwa kuja, fikeni mlangoni, halafu geukeni. Mimi langu nimeshaliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, na nitaliuliza mpaka nichoshwe au nijibiwe.

Samahani afande, kuna kitu kimoja tu. Azory Gwanda yuko wapi?

Nawasilisha.